Pesa imezuiwa, mzigo umeshafika Mbeya: nimwanike mteja?

Mshauri, shikamoo.

Naishi Dar es Salaam, nauza vifaa vya umeme vya jikoni kupitia Instagram na WhatsApp: blenda, oveni ndogo, majiko ya presha. Mzigo nachukua Kariakoo, mwingine nalipa hapo hapo, mwingine napewa kwa mali kauli.

Mwezi huu mteja mmoja wa Mbeya alinitafuta WhatsApp. Alitaka oveni ya lita 45 ya shilingi 250,000 na ile blenda kubwa ya juisi ya 140,000. Tukaongeza 12,000 ya kusafirisha kwa basi, jumla 402,000. Akasema yeye yuko kazini, shemeji yake ndiye atakayelipa, nimpe namba. Baada ya muda mfupi pesa ikaingia kutoka kwa jina la mwanamke nisiyemfahamu. Mimi siamini meseji peke yake, hivyo niliingia kwenye menyu nikaangalia salio, nikaikuta. Nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikamtumia picha ya risiti. Kesho yake akaniandikia: "Nimepokea dada, Mungu akubariki."

Siku iliyofuata nataka kutoa pesa nimlipe mtu wa Kariakoo, naambiwa salio halitoshi. Laki nne na elfu mbili imezuiwa. Jioni mtu akanipigia kwa namba ya kawaida, akasema ni wa huduma kwa wateja, kwamba yule mama amelalamika alikosea namba, nikubali irudi ili waifungue laini yangu. Nikamwambia nitafikiria. Mteja wa Mbeya nikimpigia hapatikani, WhatsApp picha yake haionekani tena.

Mume wangu anasema nisilembe, nimwanike: picha yake ninayo, namba yake, na jina la huyo "shemeji" pamoja na namba yake, vyote niweke kwenye ukurasa wangu ambao una wafuasi karibu 18,000. Mdogo wangu anasema nitajitafutia kesi. Mimi ninachokijua ni kwamba hawa wawili ni genge moja, wameshachukua mali na sasa wanataka na pesa.

Na kama vile haitoshi, mteja wa Tabata karudisha blenda nyingine akidai mbovu. Jagi ni langu, lakini mota nahisi si yangu. Anataka pesa yake, la sivyo "atanichafua" kwenye komenti.

Jumamosi nina marejesho ya kikoba. Nakubali pesa irudi yaishe? Nipambane? Nimwanike? Au niache kabisa kuuza mtandaoni?

Muuza Vyombo, Dar es Salaam

*

Marahaba, dada yangu, na pole. Kilichokukuta ni kizito: mali imetoka, pesa ipo lakini huigusi, mtu wa Kariakoo anasubiri, kikoba kinasubiri, na nyumbani kila mtu ana ushauri wake. Naona umeuliza maswali manne, ila chini yake kuna moja ambalo hukuliuliza, na naomba tuanze nalo: huyo mama aliyelipa ni nani hasa?

Wewe umeshamweka kwenye genge. Huenda uko sahihi. Lakini upo mchezo mwingine ambao wauzaji wengi hawaujui mpaka uwapate. Tapeli anaweka tangazo la kitu asichokuwa nacho, tuseme simu au chumba cha kupanga. Anampata mtu wa kununua. Wakati huo huo anakuja kwako kama mteja, mnakubaliana bei, anakuomba namba ya malipo. Kisha anampa yule mtu namba yako na kumwambia, "Lipa hapa, ni namba ya dada yangu wa ofisini." Mama wa watu analipa akijua ananunua simu. Wewe unapokea ukijua unauza oveni. Tapeli anachukua oveni stendi na kupotea. Simu isipofika, mama anakimbilia mtandao wa simu kulalamika, na jina pekee analolijua kwenye muamala ni lako. Kwake yeye, tapeli ni wewe.

Hebu pima ulichoandika kwa jicho hilo. Kiasi kilichoingia ni 402,000 kamili, pamoja na ile 12,000 ya basi. Mtu anayekosea tarakimu ya namba ya simu hatumi kwa bahati mbaya kiasi kile kile ulichokubaliana na mtu mwingine dakika chache kabla. Tena kabla ya kuweka namba ya siri, jina lako lilijitokeza kwenye simu yake. Kwa hiyo maelezo ya kukosea namba ni dhaifu sana, na hiyo ndiyo hoja yako kubwa. Lakini angalia inapoishia: inathibitisha kwamba mlipaji alipewa namba na kiasi na mtu wako wa Mbeya, basi. Haithibitishi kwamba walikuwa wanakula njama. Na kusema "nimekosea namba" si lazima iwe dalili ya uhalifu. Watu wengi waliotapeliwa husema hivyo kwa sababu wamesikia ndiyo njia ya haraka ya kuzuia pesa, au kwa aibu ya kueleza walivyoingizwa mjini.

Kabla hatujafika kwake, kuna simu ile ya jioni. Pesa kuzuiwa ni kitu kimoja, aliyekupigia ni kitu kingine. Namba ya kawaida, mtu anakuhimiza ukubali ili "wafungue laini": hapo hata mteja wako wa Mbeya angeweza kupiga, maana tarehe, kiasi na jina anavijua. Usikubali lolote kwa simu ya namna hiyo, na namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata mwenye sauti ya upole. Piga 100 mwenyewe, au bora zaidi nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA. Waulize mambo matatu: je, kuna lalamiko lililofunguliwa na namba yake ni ipi, mlalamikaji ameeleza sababu gani, na unatakiwa kujibu ndani ya muda gani. Andika jina la aliyekuhudumia na saa.

Ukiwa hapo, wasilisha pingamizi kwa maandishi. Liwe fupi, kwa sababu anayelisoma ana mafaili mengi. Mfano:

"Napinga kurejeshwa kwa muamala namba (…) wa tarehe (…), shilingi 402,000. Fedha hii ni malipo ya oveni moja na blenda moja pamoja na usafiri, kwa makubaliano ya WhatsApp na mnunuzi mwenye namba (…). Kiasi kilicholipwa kinalingana na bei tuliyokubaliana. Mzigo ulisafirishwa tarehe (…) kwa risiti namba (…) na mnunuzi alikiri kupokea. Naomba fedha isitolewe kwa upande wowote mpaka uchunguzi ukamilike. Viambatanisho: taarifa ya miamala, mazungumzo, risiti ya basi."

Sentensi ya "isitolewe kwa upande wowote" ina faida yake. Inakuonyesha kama mtu anayetaka ukweli, na inampa mhudumu kitu rahisi kukifanya, yaani kuacha pesa ilipo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakikupa jibu lisiloeleweka, ngazi inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia watoa huduma wa pesa kwa simu na hupokea malalamiko ya wateja wao. Lakini watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe, ndiyo maana ule muhuri una thamani.

Ushahidi wako sasa. Usifute kitu, na usimblock yule mteja. Picha ya wasifu ikipotea mara nyingi yeye ndiye aliyekublock, lakini mazungumzo upande wako bado yapo. Toa nakala ya gumzo zima kutoka ndani ya WhatsApp, ujitumie kwa barua pepe, pamoja na ujumbe wa sauti. Kwenye skrinshoti hakikisha inaonekana namba, maana jina "Mteja Mbeya" ulilihifadhi wewe na halithibitishi chochote. Simu yenyewe itunze. Kama ulipanga kuiuza au kuifuta upya, subiri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kupokea ushahidi wa namna hii, ila inaangalia ulitunzwaje na kama unaaminika kuwa haujachezewa. Skrinshoti zilizokatwa katwa huzaa maswali.

Halafu kuna ofisi ya basi, ambayo wengi huisahau. Mzigo wa 390,000 haukuokotwa njiani, kuna mtu aliusaini Mbeya. Mpigie wakala wa mizigo kwa namba iliyo kwenye risiti, umwombe aangalie daftari: nani alipokea, kwa kitambulisho gani, kwa simu namba ngapi. Fanya hivyo mapema, madaftari yale yanajaa na kuwekwa kando. Anaweza kukataa kukupa majina bila polisi, na ana haki. Mwombe basi aihifadhi kurasa hiyo. Ukienda kituoni kufungua RB, yaani kuandikisha taarifa yako polisi, eleza kwamba mtu amejipatia mali kwa udanganyifu, na utaje kabisa kwamba taarifa za mpokeaji ziko kwenye ofisi fulani ya basi. Askari akipewa mahali pa kuanzia, faili linatembea kuliko ukimwambia tu "nimetapeliwa mtandaoni".

Turudi kwa yule mama. Unayo namba yake kwenye muamala. Kumpigia ni uamuzi wako, na una hatari zake: akiwa kweli ni wa genge, unamwonyesha karata zako, akiwa ni mhanga mwenye hasira, utapokea matusi. Ukiamua kupiga, usianze na tuhuma. Jitambulishe, sema unafanya biashara gani, kisha uliza: "Samahani mama, ulikuwa unalipia kitu gani, na nani alikupa namba yangu?" Akishikilia kwamba alikosea, muulize alikusudia namba ipi. Namba iliyokosewa huachana na yako kwa tarakimu moja au mbili. Akitaja namba isiyofanana kabisa na yako, umeshapata jibu. Na akisema, "Mimi nilikuwa nanunua friji kwa mtu wa Facebook," basi, dada, mko wawili mliolizwa na mtu mmoja. Hapo mnaweza kwenda polisi kwa pamoja: yeye ana tangazo na namba aliyotumia tapeli kwake, wewe una mpokeaji wa mzigo. Vipande hivyo viwili vina nguvu kuliko kila mmoja akivutana na mwenzake.

Ila pesa bado ni moja. Ukikubali irudi, umebaki na deni la Kariakoo na kesi dhidi ya mtu asiyejulikana. Ukishikilia kabisa, unatetea malipo uliyoyapokea kwa nia njema na mali uliyoitoa, na hoja hiyo ina uzito, lakini inaweza kuchukua muda na ikaishia Mahakama ya Mwanzo au polisi. Wapo wanaokubaliana kugawana hasara nusu kwa nusu. Ukielekea huko, yaandikwe, mbele ya mtandao wa simu au polisi, na yaeleze kwamba hakuna anayekiri kosa. Usimtumie pesa nyingine kutoka laini yako ukitarajia zile zilizozuiwa "zitafunguliwa zenyewe". Wapo waliorudisha mara mbili kwa njia hiyo. Ipi kati ya njia hizi utaiweza, sikuamulii. Inategemea atakachosema yule mama, na inategemea mtu wako wa Kariakoo anaweza kusubiri kiasi gani.

Kumwanika. Naelewa hasira ya mumeo, ni ya mtu anayeona mkewe amedhulumiwa. Lakini tuchambue anachotaka kiwekwe. Picha ya wasifu ya WhatsApp: tapeli gani huweka sura yake? Mara nyingi ni picha ya kijana fulani iliyochukuliwa Facebook, ambaye hajui hata blenda yako ina rangi gani. Namba ya simu: inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la bibi kizee wa watu. Jina na namba ya mlipaji: tumeshaona kwamba huenda ni mhanga. Katika vitu vitatu, huna uhakika na hata kimoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zipo, na kumwita mtu mwizi mbele ya watu 18,000 kunaweza kukugeuza kutoka mlalamikaji kuwa mlalamikiwa. Mdogo wako hakosei katika hilo. Tena kuna upande wa biashara: mteja mpya anayefungua ukurasa wako na kukuta picha za "mwizi" anajiuliza siku akigombana na wewe atawekwa na yeye.

Kama kifua kinakubana na unataka kuwaonya wenzako, eleza mbinu bila mtu: "Wauzaji, kuweni makini na mteja anayesema shemeji atalipa, mzigo akachukua mwingine." Itasaidia zaidi. Namba ya yule wa Mbeya unaweza kuiripoti kwa kutuma kwenda 15040. Ya yule mama iache kwanza, mpaka umjue.

Jumamosi ya kikoba usiingoje ifike. Mwone mwenyekiti au mweka hazina mapema ukiwa na nakala ile yenye muhuri, uombe kulipa riba au sehemu tu, kwa tarehe utakayoweza kuitimiza. Kikoba humsikiliza anayekuja kabla, anayejieleza baada ya kukosa hutozwa faini. Vivyo hivyo Kariakoo, mali kauli inaishi kwa mdomo wa mtu. Na kama wateja wengine bado wanakulipa kwenye laini hiyo iliyozuiwa, tumia nyingine kwa muda. Ila ukibadilisha namba ghafla wateja watadhani ukurasa umedukuliwa, hivyo rekodi video fupi ukiwa dukani au kwenye mzigo wako, utaje namba mpya na jina litakalotokea.

Kuacha kuuza mtandaoni? Mimi ningeangalia kwanza tundu liko wapi. Katika kisa hiki lilikuwa moja: aliyeagiza, aliyelipa na aliyepokea hawakuwa mtu mmoja, na hakukuwa na maandishi ya kuwaunganisha. Unaweza kuliziba bila kufukuza wateja, maana shemeji wa kweli wanaolipia ndugu zao wapo wengi. Mtu wa tatu akilipa, kabla hujafunga mzigo mtumie yeye mwenyewe meseji kwa namba iliyolipa: "Nimepokea 402,000 kwa ajili ya oveni lita 45 na blenda, vinaenda kwa fulani, Mbeya. Jibu NDIYO nisafirishe." Mhanga wa tangazo la simu atashtuka hapo hapo. Mwenye nia mbaya atakuwa ameandika kwa mkono wake alichokilipia. Bila NDIYO, mzigo haupandi basi. Kwenye risiti ya basi andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, si "Mama Asha", na umwambie wakala asitoe bila kitambulisho. Na ukiweza, hamia Lipa Namba yenye jina la biashara yako. Anayelipa anaona analipa duka, na kusema alikuwa anamtumia ndugu yake kunakuwa kugumu.

Lipa ukipokea kwa mikoani nakuonya: mzigo ukikataliwa Mbeya, nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Kwa Dar inawezekana, mradi pesa ya bodaboda ilipwe kwanza.

Sasa blenda ya Tabata. Unasema "nahisi" mota si yako, na kwa hisia hutashinda kwenye komenti. Geuza kitako, soma namba ya mashine, uilinganishe na ya kwenye boksi. Lakini kabla hujamnyooshea kidole, fungua maboksi mawili matatu ya mzigo ule ule yaliyobaki stoo: je, namba za nje na za ndani zinalingana? Mashine nyingine haziandikwi namba moja moja kabisa, na huko jumla maboksi huchanganywa. Kama kwenye mengine zinalingana na kwake hazilingani, umepata hoja. Kama hata mengine hayalingani, huna, na ni bora ujue hilo mwenyewe kwanza.

Pia huenda si mbovu. Blenda nyingi kubwa zina kitufe kidogo chini ya kitako kinachokata umeme mota ikielemewa, hasa mtu akisaga barafu au karanga kavu bila maji. Iache ipoe nusu saa, bonyeza kitufe, iwashe jagi likiwa na maji. Ikiwaka, irekodi ikifanya kazi, mtumie mteja kwa upole pamoja na maelekezo, na mengi yataishia hapo. Isipowaka na namba ni zako, mbadilishie, kisha irudishe kwa aliyekuuzia Kariakoo. Namba zisipokuwa zako, mwonyeshe picha mbili, ya boksi na ya kitako, umwombe aje dukani mwangalie pamoja. Usimrudishie pesa kwa kutishwa komenti kabla hamjaonana, na usimwite mwizi pia, kwa sababu hata fundi wa mtaani aliyejaribu kuitengeneza anaweza kuwa ndiye aliyebadilisha mota bila yeye kujua.

Kuanzia mzigo unaofuata, piga picha ya kitako kabla ya kufunga, bandika karatasi yenye sahihi yako juu ya skrubu, na umwambie mteja kabisa kwamba karatasi ikichanika blenda hairudi.